Jumba la Tarishi wa Hauterives

Mwezi huu twataka kufunga safari ya mbali. Tutakwenda Ulaya, upande wa kusini-mashariki wa nchi ya Ufaransa, tukatazame jumba la ajabu ambalo mtu mmoja alilijenga kwa mikono yake mwenyewe kwa muda wa miaka 33. Mtu huyo hakuwa mfalme wala mwana wa mfalme. Hakuwa tajiri, hakuwa mwashi, wala hakupata kusomea ujenzi hata siku moja. Alikuwa tarishi wa posta, mtu wa kupeleka barua vijijini kwa miguu. Kazi ya posta aliianza akiwa tarishi, na siku alipoiacha alikuwa tarishi vile vile.

Habari zake twazileta kwa kuwa swali lake ni swali la watu wengi. Yuko mwalimu aliyefundisha miaka 20 katika darasa lile lile. Yuko karani aliyeona wenzake wakimpita kwa vyeo, naye amebaki penye meza ile ile. Yuko pia yule aliyepata cheo, na mshahara mnono, na nyumba nzuri, lakini jioni akiketi barazani moyo wake wamwuliza, "Je, ni haya tu?" Hao wote watapata neno la kufikiri katika maisha ya tarishi huyu, na akina mama wa nyumbani vile vile.

NJIA YA KWENDA HUKO

Mgeni atokaye katika mji mkubwa wa Lyon hushika njia ya kusini, akifuata bonde la mto Rhône. Mto huu ni mpana na wenye nguvu; watoka katika milima ya Uswisi, nao huingia katika bahari ya Mediterania. Katika vilima vilivyo kando yake watu wamepanda mizabibu kwa safu, ngazi juu ya ngazi. Akifika mji mdogo wa Saint-Vallier, msafiri huuacha mto mkubwa, akageukia mashariki, akapanda bonde jembamba la kijito kiitwacho Galaure.

Nchi ile ni ya vilima vya upole, si milima mirefu. Kuna mashamba ya nafaka, miti ya matunda, malisho ya ng'ombe na misitu midogo. Lakini chini ya mashamba hayo iko habari nyingine. Zamani za kale sana, kabla ya kuwako mtu yeyote, bahari iliifunika nchi ile. Ilipoondoka iliacha mchanga mwingi, na mchanga huo ukashikamana ukawa jiwe laini. Maji yakalila jiwe hilo mwaka baada ya mwaka, yakalitoboa, yakalizungusha, yakalipa maumbo ya kila namna: moja mfano wa kichwa cha mnyama, moja mfano wa ua, moja halifanani na kitu cho chote ila ndoto. Wenyeji waliyakanyaga mawe hayo miaka yote, wakayatupa kando ili majembe yao yasiharibike.

Ndipo mtu afikapo Hauterives, katika jimbo la Drôme. Ni kijiji kama vingine vya huko, chenye kanisa, maduka machache na nyumba za mawe. Mgeni asiyejua angepita asisimame. Lakini nyuma ya ukuta mmoja, ndani ya bustani, pana kitu kisicho na mwenzake katika nchi yote ile.

MTU MWENYEWE

Jina lake lilikuwa Ferdinand Cheval. Alizaliwa tarehe 19 Aprili 1836 katika kijiji cha Charmes-sur-l'Herbasse, jimbo lile lile la Drôme. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka 11, na baba yake akamfuata kabla mwana hajatimiza miaka 20. Shule aliiona kidogo tu. Kisha akatiwa kwa mwoka mikate ajifunze kazi. Baadaye aliiacha tanuri, akafanya kazi za shamba.

Mwaka 1867, akiwa na miaka 31, aliingia katika kazi ya posta, na miaka miwili baadaye akawekwa Hauterives. Njia yake ya kila siku ilikuwa yapata kilomita 32, yote kwa miguu, mvua inyeshe, jua liwake, theluji ianguke. Asubuhi alitoka na mkoba wa barua begani, akapita kijiji hata kijiji, shamba hata shamba, na jioni akarudi. Kesho yake ilikuwa njia ile ile, na kesho kutwa ile ile.

Tufikirie jambo hilo kidogo. Mtu huyu alibeba barua za wengine maisha yake yote. Alichukua furaha ya arusi na kuiacha mlangoni pa watu. Alichukua habari ya kifo na kuiacha mlangoni pa watu. Yeye mwenyewe akapita. Tena katika mkoba wake zilikuwamo gazeti zenye picha, na baadaye kadi za posta zenye picha za nchi za mbali: misikiti, mahekalu, majumba ya wafalme, mitende ya jangwani. Tarishi hakupata kuziona nchi hizo. Lakini alikuwa na macho, na njia ilikuwa ndefu. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba, kwa kuwa alitembea siku zote mahali pale pale, hakuwa na la kufanya ila kuota ndoto akiwa macho. Katika mawazo yake alijenga jumba la ajabu, lenye minara na mapango na bustani, zuri kupita yote aliyoyaona katika picha.

Ndoto hiyo hakumwambia mtu, kwa kuogopa kuchekwa. Miaka ikapita, hata ndoto yenyewe akawa karibu kuisahau.

JIWE LA KUJIKWAA

Hata siku moja, mwezi wa Aprili mwaka 1879, alipokuwa akitembea na mkoba wake, mguu wake ulijikwaa kwa jiwe, akaponea chupuchupu kuanguka. Alikuwa na miaka 43. Watu wengi wakijikwaa hulitukana jiwe, wakaendelea na safari. Cheval aliinama akalitazama. Akaliona lina umbo la ajabu, akalifunga katika leso yake, akalitia mfukoni ili alitazame vizuri kwa nafasi.

Kesho yake akapita mahali pale pale, akatafuta, akakuta mengine mazuri kupita la kwanza. Akayakusanya mahali pamoja, akasimama akiyatazama kwa furaha. Akajisemea moyoni kwamba, ikiwa maumbile yenyewe yamekubali kuwa fundi wa kuchonga, basi yeye atakuwa fundi wa kujenga. Hivyo ndivyo ndoto iliyokuwa karibu kufa ilivyofufuka.

Jiwe hilo la kwanza lipo hata leo. Amelipa mahali pa heshima juu ya jumba lake, na kila mgeni huonyeshwa.

Hapa ndugu msomaji aangalie sana. Ndoto ya Cheval ilikaa kichwani mwake miaka mingi, wala haikumjengea hata ukuta wa kimo cha goti. Ilikuwa kama moshi, wapanda wapotea. Jiwe nalo lilikuwapo njiani miaka mingi, wala halikuwa na faida kwa mtu. Siku vilipokutana ndipo kazi ilipoanza. Mtu mwenye mawazo tu ataitwa mvivu, na kwa haki. Na mtu mwenye mawe tu ana chungu ya mawe.

MIAKA THELATHINI NA MITATU

Mwanzoni alibeba mawe mifukoni, mpaka nguo zikachanika. Kisha akachukua kikapu. Mwisho akapata toroli la gurudumu moja, na hilo likawa rafiki yake wa siku zote. Mchana, akipeleka barua, aliyachagua mawe na kuyaacha kwa mafungu kando ya njia. Jioni, kazi ya posta ikiisha, alirudi na toroli kuyachukua, miguu iliyokwisha kutembea kilomita 32 ikaanza safari nyingine. Usiku aliwasha taa akajenga.

Alichanganya chokaa, mchanga na saruji, akatia vyuma na waya ndani ili kuta na minara zipate uti wa mgongo. Juu yake akapanga mawe yake, na makombe ya chaza, na ya konokono. Kwanza alifanya maporomoko ya maji; kisha akaona yanataka pango kando yake; pango likataka nguzo; nguzo zikataka kitu cha kubeba. Upande wa mashariki peke yake ulimchukua yapata miaka 20.

Na majirani je? Walisema waliyoyasema. Walimwona ni mwendawazimu aijazaye bustani yake mawe mahali pa mboga. Cheval mwenyewe amesimulia jambo hilo bila uchungu. Asema watu waliona ugonjwa wake hauambukizi wala hauna hatari, basi hawakuona haja ya kumwita mganga. Maneno hayo yaonyesha kuwa alijua kucheka, na mtu awezaye kujicheka ni vigumu kumvunja moyo.

Wala hakuiacha kazi ya serikali. Barua zilifika. Ndoto yake haikuwa udhuru wa kuiharibu kazi iliyompa mkate. Bali kazi ile ndiyo iliyoilisha ndoto. Njia ndefu ilimpa saa za kuwaza, vilima vilimpa mawe, mkoba ulimpa picha, na mshahara ulimnunulia chokaa. Mwenyewe alihesabu kwamba mifuko ya chokaa na saruji aliyoitumia ilifika 3,500. Mwaka 1896, alipotimiza miaka 60, alipumzika kazi ya posta, na tangu hapo mchana wote ukawa wa jumba.

Mwaka 1912 akaweka mkono wake wa mwisho. Alikuwa na miaka 76. Ukutani ameandika hesabu yake: siku 10,000, saa 93,000, na miaka 33 ya taabu. Waswahili husema, usione vyaelea, vimeundwa. Na huyu aliunda, na hesabu akaiandika.

JUMBA LENYEWE

Sasa tuingie. Urefu wa jumba wapata mita 26. Upana wake ni mita 14 upande mmoja na mita 12 upande wa pili. Na kimo chake chapata mita 10. Kwa namba si jumba kubwa. Lakini mgeni akisimama mbele yake hajui aanzie wapi kutazama, kwa kuwa hapana mahali palipo patupu hata pa kuweka kiganja.

Upande wa mashariki wamesimama mashujaa watatu wakubwa, warefu wembamba, wenye macho ya mawe ya mviringo. Mmoja ni Caesar, mtawala wa Roma. Wa pili ni Vercingetorix, jemadari wa watu wa kale wa Ufaransa, ambaye Caesar alimshinda mwaka 52 kabla ya Kristo. Wa tatu ni Archimedes, mwenye elimu ya hesabu wa Wayunani. Aliyeshinda na aliyeshindwa wamewekwa pamoja, mwenye elimu yu pamoja nao, na wote watatu wanalinda jumba la tarishi.

Karibu nao kuna mnara, na juu yake miti ya mawe: mitende, mizeituni, mishubiri. Kuna wanyama pia, tembo, mamba, dubu, pweza na ndege wa namna nyingi, wengine wakitokeza vichwa tu kama waliokuwa wamelala ndani ya jiwe wakasikia mtu akipita.

Upande wa magharibi kuna jambo lingine. Pale Cheval amezipanga nyumba ndogo za mataifa, kila moja katika kishubaka chake: msikiti, hekalu la Kihindu, nyumba ya mbao ya milima ya Uswisi, nyumba ya mraba ya Algiers, ngome ya zamani ya Ulaya, na Nyumba Nyeupe ya marais wa Marekani. Zote zimekaa ukuta mmoja kama majirani wema. Hapo ndipo mtu huelewa zile picha za mkoba zilikwenda wapi. Tarishi aliwafikishia wenyewe kadi zao, asimwibie mtu hata moja. Lakini alichokiona alibaki nacho.

Ndani kuna njia ya kupita kutoka upande hata upande, yenye giza la baridi kama pango, na kuta zake zimejaa mapambo. Ngazi zapanda mpaka juu, ambapo mtu huweza kusimama akaitazama bustani. Na katika chumba kidogo cha chini limewekwa toroli lenyewe pamoja na vyombo vya kazi. Wafalme hujenga mahali pa kuweka taji na panga. Huyu alijenga mahali pa kuweka toroli, akaandika maneno ya kulisifu kama mtumishi mwaminifu.

Jina la jumba, Jumba la Fikira Bora, au kwa Kifaransa Palais Idéal, lilitokana na shairi ambalo mshairi Émile Roux-Parassac alimtungia Cheval mwaka 1904. Aliyebeba barua za watu miaka mingi, mwisho na yeye akapata neno lililoandikwa kwa ajili yake.

MSIBA NYUMBANI

Lakini tusidhani kwamba mtu akiwa na ndoto njema mauti hupita mbali na mlango wake. Mke wa kwanza wa Cheval, Rosalie, alikufa mwaka 1873. Na mtoto wao wa kwanza alikuwa amekufa kabla yake, angali mchanga. Mwaka 1878 alioa mara ya pili, akamwoa Claire-Philomène, na mwaka 1879, mwaka ule ule wa jiwe, wakapata binti, wakamwita Alice. Basi mtoto huyo na jumba walikua pamoja. Alipoanza kutambaa, maporomoko ya maji yalikuwa yakijengwa; alipokuwa akienda shule, kuta zilikuwa zikipanda. Mwaka 1894 Alice akafa. Alikuwa na miaka 15, na jumba halijafika mwisho.

Baba yake alikuwa na miaka 58. Karibu na jumba alijenga nyumba ya kukaa, akaiita Villa Alicius kwa jina la binti yake. Kisha akarudi kwenye mawe. Mwaka 1912, mwaka ule ule alioimaliza kazi, mwanawe Cyrille naye akafa.

Hatuwezi kusema kwamba jumba lilimponya. Mawe hayajibu. Twaweza kusema hili tu: asubuhi baada ya mazishi, mikono yake ilikuwa na mahali pa kwenda. Wako watu waliopata vyeo vikubwa ambao siku msiba ulipobisha hodi hawakuwa na mahali kama hapo, kwa kuwa ofisi haijui kulia, na cheo hakikai matanga.

Tena lipo neno kwa akina baba. Hesabu ya saa 93,000 iliyoandikwa ukutani ni hesabu ya mume. Saa za mke hazimo: chakula kilichopoa kikingoja, nguo zilizochanika mifukoni zikashonwa tena, maneno ya majirani kisimani. Mtu akiona jumba la mume yeyote na asiulize habari za mke, ameona nusu ya jumba. Basi mwenye ndoto na aziweke saa za mwenzake katika hesabu yake tangu mwanzo, kabla chokaa haijakauka.

KABURI

Cheval alitaka azikwe ndani ya jumba lake, kama wafalme wa Misri ya kale. Hakupewa ruhusa. Wengine wangalinuna, wakaishia hapo. Yeye alikuwa na miaka 78. Mwaka huo, 1914, mkewe wa pili naye alikuwa amefariki. Alichukua toroli lake, akaenda kwenye makaburi ya kijiji, akaanza kazi upya. Kwa muda wa miaka 8 alijenga kaburi la jamaa yake kwa namna ile ile ya jumba, mawe yaliyopindana kama mizizi, akaliita kaburi la kimya na pumziko lisilo mwisho. Alilimaliza mwaka 1922, akiwa na miaka 86.

Akafariki tarehe 19 Agosti 1924, akazikwa humo. Mgeni afikaye Hauterives asikose kwenda makaburini, maana ni mwendo mfupi. Jumba laonyesha nguvu za mtu mzima. Kaburi laonyesha mzee aliyekataliwa jambo, akatafuta njia nyingine.

WALIMWENGU WALISEMAJE

Hata kabla hajafa watu walikuwa wakija kutazama. Baada ya kufa kwake waliongezeka. Mwaka 1931 alikuja mwandishi André Breton, aliyekuwa mkubwa wa kundi la wasanii wa Paris waliozithamini sana ndoto, akamsifu tarishi kuwa mmoja wa watangulizi wao. Max Ernst alimfanyia picha, na Picasso alimchora mwaka 1937.

Wengine hawakupendezwa. Jambo la kulihifadhi jumba kwa sheria lilipoletwa mbele ya wakubwa wa serikali, wako walioliona ni ubaya mtupu, kazi ya mtu asiye na elimu. Lakini waziri wa mambo ya utamaduni wa siku zile, André Malraux, alilitetea, na mwaka 1969 jumba likaandikwa katika orodha ya majengo yanayotunzwa na taifa la Ufaransa. Siku hizi ni mali ya kijiji chenyewe, na kila mwaka watu wengi sana hufika kulitazama. Majirani walicheka, wajukuu wao wanauza chakula na vitu vya ukumbusho kwa wageni wa jumba lile.

Hata hivyo tusifanye sifa hizo kuwa ndizo maana ya habari hii. Cheval alijenga miaka mingi pasipo mtu wa maana kumtazama. Kama Malraux asingalitokea, na kama mvua ingaliliangusha jumba lote, zile jioni za tarishi zingalikuwa zimekwisha kuwa njema. Malipo yake alikuwa akiyapata siku kwa siku, kila jiwe lilipokaa mahali pake.

TUSHIKE NENO GANI?

Kwanza, cheo ni kitu chema, na mtu akipate akiweza. Mshahara hulisha watoto, na kazi ifanywayo kwa uaminifu ni heshima. Lakini cheo hutoka mikononi mwa wengine. Wao hukupa, nao huweza kukunyima au kukuondolea. Ukiweka nafsi yako yote ndani ya kitu kilicho mikononi mwa wengine, siku wakikichukua utabaki bila nafsi. Tarishi alikuwa na sehemu moja ya maisha ambayo hapana mkubwa wa posta aliyeweza kumpandisha wala kumshusha.

Pili, kuwaza si uvivu. Tumezoea kumkemea mtoto akikaa kimya akitazama mbali, tukamwambia, "Amka, fanya kazi!" Pengine yumo kazini. Mawazo ni shamba la akili. Lakini shamba hulimwa, halitazamwi tu. Dalili ya kujua ndoto njema na ndoto ya bure ni hii: ndoto njema humwinamisha mtu aokote kitu, na ya bure humlaza kitandani.

Tatu, vitu vya kazi hiyo havitoki mbali. Cheval hakuagiza marumaru ya Italia. Alitumia mawe ambayo wakulima waliyatupa. Kila mmoja wetu anacho kilichotupwa namna hiyo. Mwalimu anazo hadithi za wazee wa kijiji, ambazo zitazikwa pamoja nao asipoziandika. Karani ana mwandiko mzuri na saa mbili za jioni. Mama ana miyaa na rangi, na kichwani mna mkeka wenye nakshi ambayo haijasukwa na mtu. Mzee aliyestaafu ana kipande cha ardhi nyuma ya nyumba na majina ya miti ambayo watoto wa leo hawaijui. Mvuvi anajua nyota.

Wala si lazima liwe jumba, wala si lazima watu waje kutoka mbali. Daftari moja lililojaa, bustani moja yenye miti 12 ya kwetu, wimbo mmoja wa kufundisha wajukuu, hayo yatosha kumfanya mtu aende kulala akiwa na neno la kufikiri kesho. Bandu bandu huisha gogo. Na vivyo hivyo jiwe kwa jiwe husimama ukuta.

Basi ndugu msomaji, kabla mwezi huu haujaisha, jiulize mambo mawili. La kwanza: kabla ya kuitwa kwa jina la kazi yako, kabla ya kuwa Mwalimu, au Karani, au Bwana Shamba, ulikuwa ukiwaza nini ulipotembea peke yako? La pili: ni kitu gani kimekuwa kikikukwaza mguu kila siku katika njia yako, nawe ukikipita? Jibu la kwanza litakuonyesha jumba. Jibu la pili litakuonyesha jiwe. Kisha inama uliokote, ulifunge katika leso, uendelee kupeleka barua za watu, maana nazo zangojewa.